Prosesa ya Seva Ilivyonifukuzia Mume

Kwako Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mashine,

Natumaini u mzima, tena mzima kwelikweli, kwa sababu haya ninayoyaleta hayafai kusomwa na mgonjwa. Mimi si mwandishi. Mimi ni mwanamke fundi wa laptopu, mwenye kibanda cha meza moja na viti viwili nyuma ya stendi ya mabasi, na gazeti lako nimelisoma miaka mingi, mara nyingine nikiwa nimelinunua na mara nyingine nikiwa nimekuta mteja amefungia chaja. Sijawahi kulalamika. Hata lile toleo mlilochapa picha ya mashine ya kufulia mkaandika chini yake kuwa ni printa, nilisema moyoni kwamba binadamu huchoka, nikafungua ukurasa wa michezo.

Safari hii nimeshindwa kufungua ukurasa wa michezo.

Ninalalamikia makala yenu yenye kichwa "Prosesa ya Seva na Prosesa ya Laptopu: Ipi Kiboko?" Makala hiyo imevuruga nyumba yangu, imemwaibisha mama mkwe wangu mbele ya wodi nzima ya wazazi, na imenifanya nilale peke yangu kwenye kitanda cha watu wawili. Najua huko kwenu kuna mambo mengi, kwa hiyo nimeyapa malalamiko yangu namba, ili hata anayesoma huku anasinzia ajue amefika wapi.

Kabla ya namba, nikujulishe watu. Mume wangu ni mtunza seva katika ofisi kubwa ya bima. Kazi yake ni kukaa na mashine ndefu ndefu zilizopangwa kwenye kabati za chuma, ndani ya chumba chenye ubaridi wa bucha, na kuhakikisha hakuna hata moja inayozimika. Mimi kazi yangu ni laptopu za watu: iliyomwagikiwa chai, iliyokaliwa na shangazi, iliyoangushwa na mtu anayeapa kwamba hakuiangusha. Tuna binti mmoja, yuko sekondari. Ndoa yetu yote ilikuwa hivyo: mume wangu anarudi jioni ananuka kiyoyozi, mimi narudi nanuka lehemu, tunakula, tunacheka, kila mtu na mashine zake. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake ipi kiboko. Ni ninyi mliouliza.

1. Lalamiko la kwanza ni neno "inajitahidi."

Sibishani na mwandishi wenu juu ya ukweli. Ni kweli prosesa ya seva ina viini vingi vya kufanyia kazi, inawahudumia watu chungu nzima kwa pamoja, haizimwi usiku wala sikukuu, na hubeba memori kubwa ambayo ikikosea hujisahihisha yenyewe. Ni kweli ya laptopu ina viini vichache, lakini kazi moja ukiipa inaikimbia mbio, umeme inaonja tu, na ukiiacha peke yake inalala. Hayo hata mimi ningeandika, tena bila kuweka picha ya mashine ya kufulia.

Kilichonichoma ni sifa. Prosesa ya seva mmeiita "jabali," mmeiita "mnyama," mahali pengine mmeiita "mchapakazi asiyejua kulalamika." Ya laptopu mmeipa neno moja tu. Mmeandika: "Nayo prosesa ya laptopu inajitahidi."

Ndugu Mhariri, nina mtoto wa shule. "Anajitahidi" ni neno ambalo walimu humwandikia mtoto aliyeshika mkia, ili mzazi asizimie akiwa ofisini kwao. Na mlipofika mwisho, mahali ambapo mtu mzima husema yupi ameshinda, mkaandika, "Uamuzi ni wako, msomaji." Mmezikuta mashine mbili zinatazamana vizuri, mkazipiganisha, mkachukua kofia zenu mkaondoka.

Mume wangu aliisoma makala hiyo wakati wa kifungua kinywa, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Sikiliza, mama watoto. 'Inajitahidi.' Si mimi, ni gazeti."

Nikamwambia, "Soma na pale penye umeme. Pale panaposema seva moja inakula umeme wa nyumba."

Akalileta gazeti karibu na macho, akalirudisha mbali. "Hapo wino umefifia," akasema.

2. Tangu asubuhi ile mume wangu alibadilika. Nikimwomba atoe takataka, anasema ombi langu limepokelewa na liko kwenye foleni. Nikiuliza foleni ina nani mwingine, maana nyumbani tuko watatu, anasema seva haibagui, inahudumia wote. Jumapili nilijinyoosha kochini baada ya chakula, nikafumba macho kidogo, nikamsikia anamnong'oneza binti yetu, "Umeona? Imeachwa kidogo tu, imelala."

Sikukubali kuonewa ndani ya nyumba yangu. Nami nikaanza kumuuliza, kwa upole, kama kuna seva yoyote anayoijua inayoweza kwenda dukani na kurudi bila kubebwa na watu. Nikamuuliza kama kuna seva inayoweza kufanya kazi kwenye joto la kawaida kama viumbe wengine, au lazima ipepewe kama mgonjwa wa presha. Binti yetu akaanza kula chakula chake jikoni akiwa amesimama. Nalo hilo lihesabiwe juu yenu.

3. Lalamiko la tatu lina uzito wa gunia na lilikuja kwa mkokoteni.

Mama mkwe wangu ni mkunga. Amefanya kazi kwenye wodi ya wazazi tangu mume wangu akiwa mtoto, na mwezi uliopita alistaafu. Wenzake walipanga kuja nyumbani kwetu kumuaga, na binti yetu alikuwa ameshakusanya picha na video kutoka simu za wauguzi wote: mama mkwe akipima uzito wa vichanga, mama mkwe akimfokea daktari, mama mkwe akicheza muziki korido akiwa na glavu. Kilichobaki ni kuziunganisha kuwa sinema moja yenye muziki, ionyeshwe kwenye televisheni mbele ya wageni.

Mtu mwenye akili angesema, mke ana laptopu, mke ataunganisha. Lakini ninyi mlikuwa mmeshaandika makala. Mume wangu akasema kazi ya heshima ya mama yake haiwezi kuachiwa kitu kinachojitahidi. Ofisini kwao kulikuwa na seva iliyokuwa imeondolewa kazini na kusubiri kutupwa. Akaiomba, akapewa, nadhani kwa furaha.

Iliingia sebuleni ikiwa imebebwa na watu watatu waliokuwa wanatukanana. Ni ndefu kama ubao wa kupigia pasi na nzito kama jiwe la kusagia. Ilipokosa pa kukaa ikawekwa juu ya meza ya chakula, tukawa tunakula na sahani magotini. Ilipowashwa, feni zake zilianza kulia kama ndege inayotafuta mahali pa kutua na haipaoni. Kalenda ilidondoka ukutani. Fundi cherehani, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye tunachangia naye mita ya umeme, alikuja kupiga hodi na mkanda wake wa kupimia shingoni.

"Samahani, mama," akasema, "mnasaga nafaka?"

Nikamwambia hapana, tunahudumia watu wengi kwa pamoja.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilimhusu mwandishi wenu pamoja na ukoo wake, na binti yangu amenishauri kwamba ukoo wake huenda hauhusiki.

5. Sasa nifike kwenye siku yenyewe ya kumuaga mama.

Tulikubaliana, mimi na mume wangu, kwa mdomo mkavu kama nchi mbili, kwamba asubuhi ile kila mmoja ataiunganisha sinema kwa mashine yake, kwa picha zilezile, na itakayowahi ndiyo itakayoonyeshwa. Binti yetu akatuhesabia. Tukaanza.

Nitasema haki, maana barua ya malalamiko isiyosema haki ni umbea. Mwanzoni laptopu yangu iliondoka kama imefukuzwa. Mume wangu alikuwa bado anasubiri lile jabali lake limalize kujisalimia, kwa sababu seva ikiwashwa hukagua memori yake yote, feni zake zote, na nadhani dhamiri yake pia. Lakini ilipoanza, Ndugu Mhariri, ilianza. Sinema ni kazi inayogawika vipande vipande, na yule mnyama ana viini vingi, kila kiini kikachukua kipande chake. Mimi viini vyangu vichache vikachemka. Laptopu ikichemka hujipunguzia mwendo ili isiungue, nayo ikajipunguzia. Nikaipandisha juu ya sahani iliyogeuzwa, nikaielekezea feni, nikaipepea na gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa lenu, na hata hapo halikusaidia.

Kabla ya saa sita seva ikawa imemaliza. Mume wangu akatembea sebule nzima akipiga mluzi. Akaja akasimama nyuma yangu, akatazama kioo changu ambacho kilikuwa hakijafika nusu, akasema polepole, kama daktari anayeongea na ndugu wa mgonjwa:

"Inajitahidi."

Niliendelea kupepea.

Basi akachukua waya wa televisheni, akazunguka nyuma ya seva ili achomeke. Akakaa huko. Akakaa sana. Mluzi ukakatika. Nikasikia anahamisha tochi ya simu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Nyuma kule kulikuwa na matundu ya kila aina ya mtandao, lakini la televisheni yetu halikuwepo. Lilikuwepo tundu moja la kizamani la picha, la kumwonyesha fundi maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na tundu la sauti halikuwepo kabisa. Prosesa ya seva, Ndugu Mhariri, haina ndani yake sehemu ya kuchora picha. Haijawahi kutumwa kazi hiyo. Inakaa chumba cha peke yake na watu wanaongea nayo kwa mbali. Prosesa yangu ya laptopu, hata ikiwa ndogo namna ile, imezaliwa na sehemu hiyo. Hili mwandishi wenu hakuliandika popote, na nimesoma makala hata pembeni penye matangazo ya misiba.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Mashine yenye sinema haikuweza kuionyesha, na mashine yenye uwezo wa kuonyesha haikuwa na sinema. Binti yetu alitoka jikoni akatutazama wote wawili.

"Si mhamishe tu kwa flashi?" akasema.

"Hapana!" tukajibu kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu makala yenu itoke. Mimi sikutaka sinema ya seva ipite kwenye laptopu yangu ikajidai. Yeye hakutaka sinema ya jabali lake ionyeshwe na kitu kinacholala. Tukiwa tumesimama hivyo, kila mmoja amekunja mikono, wageni wakapiga hodi.

Waliingia wakunga na wauguzi, wamependeza, wamebeba maua na keki. Mama mkwe akaketishwa kwenye kiti kilichopambwa. Seva ikiwa inanguruma, watu wakawa wanasalimiana kwa kupiga kelele kama walio pande mbili za mto. Na lile dude linatema joto. Sebule ikawa jiko. Muuguzi mmoja akavua kilemba, mwingine akavua viatu, muuguzi mkuu akaanza kujipepea kwa kadi ya kumtakia mama maisha mema. Kila mmoja akauliza kwa adabu hiyo ni mashine gani, na mume wangu akajibu kwa adabu hiyohiyo kwamba ni seva. Wakatikisa vichwa kana kwamba wamepewa taarifa ya kifo.

Hapo ndipo fundi cherehani, upande wa pili wa ukuta, alipochomeka pasi.

Fyuzi iliruka kwa mlio mmoja. Seva ikanyamaza, televisheni ikanyamaza, feni ikasimama. Ule ukimya ulikuwa mzuri mpaka mgeni mmoja akashukuru. Na kwa kuwa prosesa ya laptopu inaishi kwa betri bila wasiwasi, kitu pekee kilichobaki hai chumbani kilikuwa mashine yangu. Nikaibeba kwa mikono miwili kama mtu anayeleta kichanga kwa baba yake, nikaiweka mbele ya mama mkwe. Wageni wakasogeza vichwa. Nikaionyesha ile nusu iliyokuwa tayari.

Walitazama wakifurahi. Wakacheka penye kucheka. Halafu sinema ikafika mahali ilipokatikia, na haikukatikia mahali pazuri. Ilikatikia mama mkwe akipiga miayo zamu ya usiku, kofia imehamia sikioni, macho mawili yanatazama pande mbili. Ikaganda hapo. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Ilikuwa imechemka na haitaki kusikia. Wodi nzima ya wazazi ikaangalia koo la mkunga wao mstaafu mpaka wale wa nyuma wakaomba wapishwe na wao waone.

"Funika hiyo, mkwe wangu," mama mkwe akasema. Nikaifunika.

Akasimama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema kama hakuna sinema atasimulia mwenyewe, na akasimulia. Akasimulia habari za yule mtoto aliyezaliwa kwenye lifti iliyokwama, ambapo baba yake alizimia kwanza, ikabidi mama mwenye uchungu ndiye ampepee. Akasimulia habari za daktari kijana aliyekuja wodini na kiburi, akatapikiwa na kichanga chake cha kwanza, na tangu hapo akawa anaomba ruhusa kabla ya kugusa kitu. Watu walicheka na kulia, na joto likasahaulika. Kisha akatugeukia mimi na mume wangu tuliokuwa tumesimama kila mmoja karibu na mashine yake.

"Wenzangu," akasema, "mwanangu ana kila kitu lakini hawezi kukionyesha. Mkwe wangu anaonyesha vizuri, lakini anaishia njiani. Sasa mnaelewa kwa nini mjukuu wangu ni mmoja."

Ndugu Mhariri, umewahi kusikia wakunga wakicheka? Hawa si watu wa aibu. Mmoja alikalia keki.

6. Wageni walipoondoka, mume wangu alianza kukunja nyaya. Nyaya zikaisha. Akakunja na za televisheni.

"Ulicheka," akaniambia hatimaye.

"Kila mtu alicheka, baba watoto. Mama yako ndiye aliyesema."

"Wao ni wageni. Wewe ulicheka kuliko wauguzi."

"Nilicheka kidogo."

"Ulishika ukuta."

Ningependa ieleweke kwamba iliyocheka pale ni makala yenu. Mimi nilitumika tu. Lakini mume wangu haoni mbali hivyo. Aliita mkokoteni, akapakia seva, akapakia na mto wake wa kulalia, akasema anakwenda mahali ambapo mashine zinaheshimiwa. Nilidhani anatania. Nilimwambia afunge mlango, joto linaingia.

Hakurudi. Anaishi ofisini, ndani ya chumba cha seva, nyuma ya kabati ya mwisho, juu ya makatoni. Nimemtuma binti yetu ampelekee nguo, akarudi na taarifa kwamba baba hajambo, anakula biskuti, na ametuuliza kama bado tuna mita moja na yule wa pasi. Mlinzi wa getini, mtu mzima ninayemheshimu, alinipigia simu akasema, "Mama, sitaki kuingilia ya watu, lakini mzee wako anaziaga zile mashine akienda chooni."

7. Hata kibandani sina amani. Wateja wamesoma. Wiki hii alikuja wakili mmoja, amevaa suti, akaniwekea laptopu mezani na kuniomba niifungue nitoe prosesa yake niweke ya seva. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba prosesa ya seva ni pana kama kiganja changu, inahitaji pande la shaba la kuipoza lenye unene wa tofali, na kwamba hata kama ingeingia, ambayo haiingii, angekuwa amepakata pasi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini gazeti limesema ni jabali," akasema.

Nikamwambia jabali halipakatwi. Akaondoka kwenda kwa fundi mwingine, na nimesikia huyo fundi amemwambia inawezekana.

Kutokana na yote haya, Ndugu Mhariri, naomba yafuatayo, nikianza na madogo.

Kwanza, mchape ukurasa wa mbele, kwa herufi za kutangazia matokeo ya uchaguzi, kwamba prosesa ya laptopu ndiyo kiboko, na neno "inajitahidi" limeondolewa, nalo likabidhiwe kwa mwandishi wenu alitumie mwenyewe.

Pili, kila seva itakayotengenezwa kuanzia sasa ibandikwe onyo upande wa mbele, kama la sigara, lisemalo: "Mashine hii haina sinema kwa wageni."

Tatu, wenye mamlaka wapitishe sheria kwamba prosesa za seva zisitajwe ndani ya nyumba yenye ndoa, isipokuwa mbele ya shahidi. Na wakishapitisha, waendelee tu: seva zote duniani zizimwe, vyumba vyake wapewe watu wasio na pa kulala, na kazi zake zigawiwe laptopu zilizopangwa mistari, vifuniko wazi. Ofisi ya bima haihitaji jabali. Wafanyakazi wapokezane flashi mkono kwa mkono kutoka ghorofa hadi ghorofa, watapata na mazoezi. Wakati wa chakula laptopu zitalala na watu watalala, na sioni bima itapungukiwa nini.

Nne, kama hayo matatu yatachukua muda, basi mwandishi wenu aende yeye mwenyewe pale ofisini, apite nyuma ya kabati ya mwisho, amwambie yule bwana kwamba uamuzi si wa msomaji, uamuzi umeshatolewa, na arudi nyumbani.

Sitaki kuandika kwamba nyumba imekuwa kimya. Kelele nimezilalamikia hapo juu, na fundi hajipingi mwenyewe kwenye karatasi moja. Nitaandika tu kwamba jana binti yetu aliniuliza jambo, nikamjibu, akaniambia, "Mama, sikukuuliza wewe, nilisahau." Alikuwa amezoea jibu litokee upande wa pili wa meza.

Nisalimie wote hapo gazetini: wanaopanga kurasa, wanaopiga picha, dereva anayelisambaza gazeti huku mvua inanyesha, mpishi wenu kama mnaye, na mhasibu. Mnisalimie na mwandishi wa ukurasa wa michezo, ambaye husema nani ameshinda. Yule mwingine msimsalimie, ila mpeni barua.

Ni mimi, msomaji wenu niliyejeruhiwa lakini mwenye adabu,

Fundi wa laptopu wa nyuma ya stendi.

N.B. Ndugu Mhariri, bahasha ilikuwa bado wazi juu ya meza wakati mume wangu alipotokea hapa kibandani, mchana huu, amevaa koti la sufu kwenye jua kali. Hakunisalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, nyuma ya mwanafunzi mwenye kibodi iliyoingia mchanga, akasubiri zamu yake. Ilipofika nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mtu, tatizo ni nini.

"Baridi," akasema. "Na nimekosa mtu wa kubishana naye."

Nikamwambia avue koti tuone. Basi ikaja habari nyingine: ofisi yao inafungua chumba cha pili cha seva, na wamekosa fundi mwenye mkono wa kukitunza. Amelitoa jina langu kwa wakubwa na wakubwa wamekubali. Nilifikiri kwa muda wa kutosha kufungua skrubu moja, nikakubali pia. Jumatatu naanza. Nitakuwa na seva ishirini na mbili, zote za kwangu, na nimeonyeshwa picha zake. Ndugu Mhariri, ni majabali.

Kwa hiyo barua ichapeni, ila mniwekee sahihisho dogo: kila palipoandikwa "laptopu" pasomeke "seva," na kila palipoandikwa "seva" pasomeke "laptopu." Nimejaribu kuisoma hivyo kwa sauti. Hoja zote zimesimama, na mbili tatu zimekuwa kali zaidi. Pale penye mume kuhama pafuteni kabisa. Amelala hapa kwenye kiti cha wateja, kichwa ameegemeza kwenye meza yangu ya kazi, na wakili amerudi na laptopu iliyoungua. Nimemwambia asubiri nje, tena asigonge.